Fahali Naye Amesomeshwa

Baba Shikanga,

Ugali uko kwa sufuria, mboga nimeifunika na sahani. Nimeenda kumtafuta fahali wetu.

Tangu walimu wagome unasema watoto wasomee nje. Jumamosi ukawapeleka Malinya kuona fahali wakipigana, ukasema hilo nalo ni somo. Basi leo asubuhi, nikiwa mtoni, Shikanga na Muhonja wamempigia wetu debe na filimbi, wakamwimbia kama walivyoona kule, naye akadhani siku yake imefika. Amekata kamba, ameshika njia ya Malinya. Sasa tutalima na nini?

~~Wachape wote wawili.~~ Usiwachape. Niliporudi, Shikanga alinikimbilia akiuliza, "Mama, tumepita?"

Mjibu wewe, mwalimu wao.

Mama Shikanga