Mwezi Uliouona Peke Yako

Mafubira, Jinja
Mchana wa Ramadhani

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumaini swaumu inakwenda vizuri, na lile goti linakuruhusu kusimama tarawehe bila kulalamika. Mimi afya ninayo. Ninachokosa ni mtu wa kukaa naye. Jioni nafuturu peke yangu, tende mbili na uji, huku nikiwasikia majirani ukuta wa pili wakigombania sambusa. Jana nilimkaribisha paka wa mwenye nyumba, naye akakataa. Simu zangu hupokei tangu mwezi ulipoandama, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi ni ile ile. Kila Jumatano alasiri naingia kwenye kile chumba cha redio kilichobandikwa trei za mayai ukutani, nafunga mlango, najibu maswali ya sayansi: kwa nini kitunguu kinaliza, kwa nini mbu humwandama mtu mmoja na kumwacha mwenzake. Majuzi niliwaeleza kwamba wanasayansi wamegundua maji huko mwezini, yameganda kwenye mashimo ambayo jua halifiki. Mama mmoja muuza samaki wa Wanyange akapiga simu kuuliza, "Sasa samaki iko?" Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikatoka nje, sikuwa na wa kumsimulia.

Sasa nije kwenye lililotutenganisha. Wewe ndiye mtazama mwezi wa msikiti wetu tangu sijazaliwa, na tangu nihamie Jinja, kila mwaka ukishauona unanipigia mimi kabla hujawaambia wengine. Mwaka huu, Jumanne ile, nilikuwa naandaa kipindi, simu nimeizima sauti. Kumbe ulipiga, ukapiga tena. Kesho yake msikilizaji mmoja akauliza hewani: "Dada, muzee moja huku Mbale nasema naona mwezi jana. Watu nasali tarawehe, halafu masheikh ya Kampala nakataa. Hiyo naweza kuwa kweli?"

Nikajibu kama mwalimu. Nikasema mwezi hauna mwanga wake, huazima wa jua, na jioni ile ulizama kabla ya jua, kwa hiyo hakuna jicho ambalo lingeuona. Ningeishia hapo. Lakini nikaongeza, huku nacheka, "Huyo mzee akapime macho."

Wallahi sikujua ni wewe; huko kwetu Mbale misikiti ni mingi, na wazee ni wengi. Kesho yake jioni, siku ya kwanza ya mfungo, mdogo wangu Zubeda akanipigia. "Dada, Mbale nzima imesikia. Watoto wa madrasa wanamwita Baba mzee wa macho. Hatoki nje." Nilikaa sakafuni, Baba, na futari ya kwanza ikanipita hivyo hivyo. Kukuaibisha wewe mbele ya watu, tena kwa mdomo huu uliousomesha!

Nakuomba radhi kwa kicheko kile. Kwa hesabu ya mwezi siombi radhi, maana ni ya kweli, na wewe ndiye uliyenikanya nisimdanganye mtu hata kwa kumfurahisha. Ila nimekaa nalo siku nyingi, nikakumbuka Idd iliyopita. Ulimimina chai nje ya kikombe ukamlaumu Zubeda kwamba amekisogeza. Ukasema taa za barabarani siku hizi zina pete. Baba, si taa. Ndani ya jicho kuna kitu mfano wa kioo kidogo, kinapitisha mwanga. Umri ukienda hufifia taratibu, kama dirisha la jikoni, ndiyo tunasema mtu ana mtoto wa jicho. Jua linalozama likipenya hapo, mwanga hutawanyika ukafanya pete na mistari. Kwa hiyo kitu ulikiona. Hukusema uongo, na ningekuwa na adabu ningelisema hilo hewani. Daktari hukitoa kioo kile akaweka kingine, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nisalimie shangazi, mwambie sambusa zake nazikumbuka mpaka mate yananijaa, Mungu anisamehe na swaumu hii. Msalimie imamu, ambaye najua hakukulaumu, na jirani yetu fundi cherehani, ambaye najua alicheka.

Barua hii nimeiandika kwa herufi zangu ndogo za siku zote, zile ulizokuwa ukizisoma bila miwani. Kama macho yanayopita kwenye mstari huu ni yako, basi nimekosea. Nipigie uniambie, na Jumatano nitatangaza redioni kwamba wa kupima macho ni mimi.

Lakini kama sauti inayosoma ni ya Zubeda, usinipigie, Baba. Mpe mkono, akupeleke kwa daktari.

Mwanao anayekukumbuka,
Mariamu