Ndala za Masele

Dada Mkamburi,

Shikamoo. Mimi na sufuria zangu hatujambo huku Kahama. Siku hizi chai nanywa kwa michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga za kuchemsha. Wachimbaji hunisalimu "mwangaluka" wakija kula kabla ya kushuka shimoni, nami naitikia kama mwenyeji. Kuna asubuhi nasahau kabisa kwamba Voi iko ng'ambo ya mpaka.

Mmoja wao anaitwa Masele. Hula taratibu, kisha hunitekea maji. Sina zaidi la kusema juu yake.

Wachimbaji wa hapa huacha ndala zao juu, mdomoni mwa shimo. Leo mchana nilipopeleka chakula nilikuta za Masele zimejaa tope la mvua ya jana, nikaenda nazo bombani kuziosha. Mama Ritha, ninayepika naye, aliponiona uso ulimbadilika.

"Mghoi, ndala za mtu aliye chini haziguswi. Zinamngoja."

Nilicheka. Muda si mrefu tukasikia kishindo kule mashimoni, watu wakakimbia.

Wenzake wametoka. Yeye bado wanamfukulia. Ndala nimezirudisha palepale, nami nimeketi hapo kando nikikuandikia.

Mama akiuliza habari zangu, mwambie michembe ni mitamu. Halafu mwombe amtaje Masele kwenye sala zake za jioni, na asiulize ni nani.

Mdogo wako,
Mghoi