Masweta Niliyokuwa Nafumua kwa Siri

Jumanne, Tarime mjini. Mvua imeshinda inanyesha, baridi ya kuvaa soksi mbili, na moyo wangu umelainika hata sijui niuweke wapi.

Wacha nikiri kwanza. Mimi ni mtu wa kukagua mambo madogo. Nyumbani Nyanungu walinichoka: nguo kwenye kamba lazima zinyooke, maharage nayachambua mara mbili. Mama alikuwa anasema nitakuja kumtesa mume wa watu. Kumbe tabia hiyo ina kazi yake. Tangu mwaka jana nafuma masweta ya shule dukani kwa Mama Robi, na huku kitanzi kimoja cha uzi kikiruka, mtoto akivaa siku mbili tu sweta limefumuka mpaka kiunoni. Kukagua ndiko kunanilisha.

Mama Robi ndiye aliyenifundisha kila kitu. Ndiyo maana nilipoona makosa kwenye masweta yake, nilidhani nimeona vibaya mimi.

Mstari wa kijani shingoni, mahali palipotakiwa bluu. Kesho yake, mkono wenye vitanzi vilivyoruka. Nikaanza kumwangalia anavyopeleka uzi dirishani, anausogeza karibu uguse pua.

Macho yake yanakwisha.

Sikusema. Ikisikika fundi haoni, wateja wanahama, na ile mashine yake ya kufumia ndiyo maisha yake. Basi akitoka kwenda sokoni nafumua sweta lenye kosa, nalifuma upya harakaharaka, nalirudisha kwenye rundo lake. Wiki tatu nimefanya hivyo. Nikajiona mtoto mwema kweli.

Leo asubuhi amechukua mojawapo, akalipapasa huku anatazama mvua.

"Ghati, hili si langu. Wewe uzi unaubana sana."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikajitetea, eti niliogopa kumuumiza. Aliniacha nimalize, halafu akaniambia taratibu kwamba alijua tangu sweta la kwanza. Kila siku alikuwa anangoja niseme mimi, kwa sababu yeye hakuwa na ujasiri wa kuanza. Hata Robi, mwanawe, hajamwambia.

Tukalia, tukajicheka, tukanywa chai. Tumekubaliana mimi nikae kwenye mashine, yeye apapase kila sweta kabla halijatoka, maana vidole vyake bado vizima kabisa. Alhamisi nafunga duka nimpeleke hospitali wakampime macho. Alitaka kubisha, nikamwambia mama, hilo halina mjadala. Akanishika mkono.

Ila kuna kitu bado kinanichoma. Wiki tatu mama wa watu amekaa na hofu yake peke yake, nami niko hatua mbili pembeni yake, nimeshughulika na mistari ya shingo. Kitanzi kimoja kikiruka kati ya mia mbili nakiona.

Yeye nilishindwaje kumwona?