Walipokuuliza Nani Anakutuliza

Mume wangu, Baba Chacha,

Tangu tukuzike hapa Nyambureti, jambo hili sijamwambia mtu. Leo nakuambia wewe mwenyewe, maana wivu umenichosha.

Unakumbuka ile nyumba ya wazee kule Tarime, nilikokuwa nakuja kukuogesha na kukunywesha uji wa ulezi? Siku moja muuguzi alileta maswali mapya. Walikuwa wanayajaribu, wajue kama yanapima kweli hali ya mzee: maumivu yake, usingizi wake, kinachomtuliza moyo. Alikuuliza wewe peke yako, kisha akaniuliza mimi habari zako, aone kama majibu yetu yatafanana.

"Mama, mzee akihangaika, nani anamtuliza?"

"Mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

Akaangalia karatasi yake. "Yeye amesema Bhoke. Eti Bhoke akimwimbia, analala."

Bhoke! Mke wako wa kwanza, aliyekufa kabla hujanijua mimi. Chacha wake nimemlea mimi tangu anatambaa. Miaka yote sikugombana naye, maana utagombanaje na marehemu? Lakini siku ile nilitamani afufuke nimshike nywele.

"Akili yake imechoka," nikamwambia muuguzi. "Andika jibu langu."

"Hapana, mama. Tukiandika la ndugu tu, mzee mwenyewe tutakuwa hatujamuuliza."

Nilikuja kitandani kwako nimenuna. Ukaanza kutetemeka, unavuta shuka, unaita watu wasiokuwepo. Nikakushika mkono, ukauchomoa. Basi nikauimba ule wimbo wa kusagia ulezi, ambao kila mwanamke wa Kikurya anaujua. Ukatulia. Ukasema, "Bhoke, umerudi?"

Nikakufunika shuka, Baba Chacha.

"Nimerudi," nikajibu. Ukalala.

Tangu hapo nilikuimbia mpaka ulipotutoka. Wauguzi nao wakakubaliana kwamba mzee anayeweza kusema aulizwe yeye kwanza, ndugu baadaye. Ni haki, sikatai. Ila mimi haki ile iliniuma.

Sasa wewe na Bhoke mmelala ubavu kwa ubavu nyuma ya nyumba, na makaburi yote mawili nayapalilia mimi. Lako nalipalilia taratibu. Lake harakaharaka.

Nimeshamwonyesha Chacha pa kunizika: upande wako wa pili, siyo miguuni. Akacheka, akasema, "Mama, wivu hata huko?" Ndiyo, hata huko. Pumzika, mume wangu. Na siku nikifika, uniite kwa jina langu.

Mkeo,
Ghati