Mwanangu Anataka Nimpishe Njia ya Mlimani

Mama Zita, mshauri wetu mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba unishike mkono, maana Ijumaa kuna kikao cha kijiji na moyo wangu hautulii.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, wa hapa Endasak, chini ya Mlima Hanang. Vijana wetu karibu wote wameenda Arusha na Mererani, tumebaki akina mama, wazee na watoto wa shule, basi sisi wanawake kumi na wawili wa jumuiya tukaanzisha kikundi cha kupokea watalii, tunawapikia makande, tunawapandisha mpaka pale unapoliona Ziwa Balangida lote. Hapo ndipo nilipokosea, Mama. Kwetu mgeni akifika halafu hakuna kijana wa kumpokea mzigo, boma hilo ni la aibu, kwa hiyo wageni wa kwanza walipokuja nikaazima vijana wanne kutoka Katesh, nikasema, "Hawa ni wanetu, ndio watakaowaongoza." Nilidanganya, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka kusali.

Kumbe wageni wenyewe ni wastaafu! Mdogo kuliko wote ana miaka sitini na nane, wanatembea na fimbo. Wale vijana wakapanda mbio kama wanafukuza mbuzi, hata kugeuka nyuma hawakugeuka. Sisi tuliokuwa tunafuata na sufuria za chakula tukawakuta wageni wamekaa kwenye mawe, wamekata tamaa, mzee mmoja Mjerumani anataka kurudi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia, "Babu, twende polepole, hata mimi magoti yananiuma." Mwalimu Eva, mwenzetu aliyestaafu, akamtafsiria, mzee akacheka mpaka akainuka. Tukapanda, tunapumzika, tunaimba, tunapanda tena, na saa nane mchana tulifika wote. Wote, Mama! Yule babu alilia, nasi tukapiga vigelegele mpaka huku chini wakasikia.

Sasa wameandika kwamba mwezi wa saba wanaleta wenzao thelathini, na wanawataka "wale akina mama". Mwanangu Nikolausi, aliyesomea utalii, amerudi kutoka Arusha, ananiambia, "Mama, mmejitahidi, sasa tupisheni. Mtalii gani anaongozwa na bibi?" Wazee wengi wanamuunga mkono, na Ijumaa kikao ndicho kitakachoamua nani awaongoze wageni. Nimpishe mwanangu, au ni kiburi kinanisumbua? Na ule uongo niufanyeje?

Marieta, Endasak

Dada Marieta, milele na milele, amina.

Nimesoma barua yako nikapiga kigelegele hapa ofisini mpaka wenzangu wakageuka. Lakini ngoja nikugombeze kwanza. Ulimdanganya mgeni kwa kuficha kitu ambacho si aibu hata kidogo! Vijana kwenda kutafuta maisha ni habari ya kila kijiji, Hirbadaw wanaijua, Nambis wanaijua. Na nani alikwambia mgeni amefuata vijana? Huko kwao wazee ni wengi, wamestaafu, muda wanao, pumzi ndiyo fupi. Wanatafuta mtu wa kutembea naye, na mtu huyo ni wewe. Mnafanana magoti!

Kwa hiyo Ijumaa wahi kikaoni, ukae mbele, si kule mlangoni mnakopenda kujibanza. Anza kwa kukiri kwamba wale vijana uliwaazima. Watacheka, waache wacheke. Kisha waulize, "Siku ile nani alifika juu na wageni?" Halafu nyamaza kimya, usiwasaidie kujibu. Na wageni nao Mwalimu Eva awaandikie ukweli huohuo kabla hawajafunga mizigo.

Nikolausi usimfukuze. Kijana aliyerudi nyumbani ni baraka, na elimu yake ina kazi: ashughulikie vibali, huduma ya kwanza, barua za wageni. Ila mlimani ajifunze kwanza kutembea. Mwezi wa saba wewe tangulia na fimbo yako. Yeye aje nyuma kabisa, amebeba sufuria ya makande, na asithubutu kumpita bibi yeyote njiani.