Ziwa Liko Miguuni

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Daktari Nyirahabimana amesema leo mchana: skrini ya mitambo itajaribiwa Alhamisi, na ikishindwa, kazi inakwenda kwa kampuni moja ya Kigali. Daktari ndiye mwenye kliniki mpya ya uzazi hapa Kamembe, Rwanda, ziwani mkabala na Bukavu. Skrini ni ya mume wangu. Daktari alisema mbele yangu na mbele ya mlinzi aliyekuwa anakula muhogo, kwa hiyo mashahidi tupo wawili.

Papa Hirwa, mume wangu, alifuta miwani.

Najiandikia yaliyo nyuma ya habari hii, kama ningemwandikia msikilizaji wangu wa redio. Mume wangu alifanya kazi chumba cha kuongozea mitambo pale kiwanda cha saruji, Muganza, kisha miaka mitatu kwenye karakana moja ya Kigali, akija nyumbani mwisho wa mwezi na begi lake jeusi. Amerudi Juni. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya peke yake. Akiipata, daktari atampa na kazi ya majengo mengine mawili. Akiikosa, karakana ya Kigali inamtaka tena. Mtoto wetu Hirwa yuko Huye anasoma. Nyumba ni ya watu wawili, na yeye alipokuwa Kigali ilikuwa ya mmoja.

Begi jeusi liko chini ya kitanda. Halijafunguliwa tangu Juni. Sijauliza.

Jumanne, 10 Septemba

Meza ya kula imekuwa ofisi. Nakula sahani ikiwa magotini.

Nimemwomba anieleze anachofanya, kwa maneno ambayo ningeweza kuyasoma redioni. Kasema: anachora mitambo ya maji moto na hewa ya kliniki — boila, tangi, pampu mbili, feni ya chumba cha watoto wachanga. Lakini si picha ya kutundika ukutani. Kila namba iliyo kwenye picha inatoka kwenye mtambo wenyewe, muda huohuo. Pampu ikizunguka kule, gurudumu linazunguka hapa, kijani. Ikipata joto, nyekundu. Kazi kubwa ni kuunganisha: kila alama na waya wake, moja moja. Ukikosea, picha itakuwa nzuri na itasema uongo.

"Kama baadhi ya mawaziri," nikasema.

"Usiandike hiyo, Maman Hirwa."

Nimeandika.

Alasiri akaniita. "Kuya uone! Tangi iko inapanda!" Kweli. Tangi kwenye skrini: digrii sitini na moja, rangi ya hatari. Nikauliza kliniki inaungua? Akacheka mpaka akakohoa. Kipimajoto cha majaribio alikuwa amekitumbukiza kwenye kikombe changu cha chai!

Nikakaa pale natazama chai yangu ikipoa kwenye kompyuta. Hamsini na tano. Hamsini na mbili. Habari chache zimewahi kunishika hivyo.

"Kunywa sasa," akasema. "Iko quarante-huit. Ndiyo wewe unapenda."

Arobaini na nane: ndiyo mimi napenda. Sikujua kama anajua.

Jumatano, 11 Septemba

Muganza kutwa, habari ya malori na vumbi. Nimerudi na mvua. Umeme ulikuwa umekatika, Papa Hirwa amekaa mlangoni anatazama ziwa.

Kigali wamempigia. Ni Christophe-Aimé, mkuu wa karakana. Wanataka jibu Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Kasema watu wale ni wazuri, hana neno nao. Kisha akaomba chumvi.

Alhamisi, 12 Septemba

Jaribio limeharibika. Kwa mpangilio, yale niliyoyaona na niliyoyasikia:

Papa Hirwa alikuwa juu, ofisini kwa daktari, na skrini yake. Mimi karibu naye. Chini, kwenye chumba cha mitambo, alikuwa Murhula, fundi wa kliniki, anayevuka kutoka Bukavu kila asubuhi. Mambo yakaenda vizuri. Gurudumu linazunguka, maji moto yanapanda, daktari anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha pampu ya kushoto ikaanza kupata joto. Ikageuka nyekundu, kama inavyotakiwa. Papa Hirwa hata akafurahi! Akampigia Murhula: "Funga ile ya kushoto."

Murhula akafunga ya kushoto.

Kwenye skrini, ya kulia ndiyo iliyosimama. Ile nzima. Ile mbovu ikabaki peke yake, ikazidi joto, ikajizima yenyewe. Basi, hakuna maji moto tena jengo zima. Wodini kulikuwa na mama mmoja, Chloé, anamwogesha mtoto wa siku mbili. Sauti yake ilitufikia ghorofa ya juu. "Munataka kuniulia mutoto na baridi? Hii ni kliniki ao ni muto Ruzizi?"

Mtoto hana shida. Nimemwona mwenyewe, amevikwa kofia mbili, anapiga miayo.

Murhula akapanda ngazi, mikono imelowa. "Papa, ulisema kushoto. Nilifunga kushoto. Mungu ananiona."

"Murhula, ulifunga kulia!"

"Kulia ya nani?"

Daktari hakupandisha sauti. Alisema: "Papa Hirwa, skrini yako inadanganya. Jumatatu saa tatu tunarudia, mara ya mwisho. Hakuna kupigiana simu. Murhula ataiangalia skrini, atashuka, atafunga." Kisha akaenda kumwomba radhi Chloé.

Nyumbani. Amekagua nyaya zote, za pampu zote mbili. Zote sahihi. Kila namba ni ya kweli. Hakula. Alisema kitu kimoja tu: labda mutu wa chumba cha saruji abaki mutu wa saruji.

Huwa sibishani na mtu mwenye njaa. Nikafanya ninachofanya na kila shahidi ambaye maneno yake hayalingani na ya mwenzake — nikauliza kila mmoja alisimama wapi. Murhula tulishajua: aliingia mlangoni, mgongo kwenye barabara ya juu, uso ziwani. Nikaiweka kompyuta mbele ya Papa Hirwa.

"Ndani ya picha hii, mlango uko wapi?"

Akaonyesha juu kabisa ya skrini. "Kule mbele, kwenye mulima."

"Na ziwa?"

Akanionyesha miguu yake.

Nikangoja. Miaka yangu ya redio imenifundisha kungoja. Akatazama miguu. Akatazama skrini. Akaondoa miwani.

Alikuwa amechora akiwa amesimama majini. Papa Hirwa alizaliwa Nguba, Bukavu, kwenye nyumba ya baba yake inayotazama ng'ambo hii. Utoto wake wote Cyangugu, upande wetu huu, ilikuwa kitu kilichoko kule: ziwa kwanza, kisha ufuko, kisha mlima. Tumevuka, tumejenga, tumezeeka hapa — na mkono wake bado unachora Rwanda kutoka Bukavu. Kushoto kwake ni kulia kwa mtu aingiaye mlangoni.

Na mimi niliiona picha ile mara ngapi? Sikuona kasoro. Nimekulia mtaa uleule.

Alianza kucheka yeye. Kisha akala, sahani mbili.

Ijumaa, 13 Septemba

Anageuza picha. Nilidhani ni kubonyeza kitu kimoja. Sivyo! Ukiigeuza yote, maandishi yanasomeka kinyume na mishale inapeleka maji yalikotoka. Inabidi kuhamisha kila kipande, kisha kukagua kila waya upya.

Analalamika. "Minaiona kama mutu amevaa shati nyuma-mbele." Mkono unarudi wenyewe. Asubuhi alihamisha boila vizuri sana, mchana nikaikuta imerudi Bukavu.

Alimweleza daktari ukweli wote kwa simu, bila kujitetea. Daktari akauliza kama mafundi wa Kigali nao huchora wakiwa majini. Papa Hirwa hakujua kama ni utani. Mimi nilikuwa nasikiliza: ulikuwa utani nusu.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa tumeshuka kliniki, bado tumevaa nguo za kanisani. Murhula naye alikuja, ingawa ni siku yake ya kupumzika, na vitumbua kwenye mfuko. Tukasimama watatu kwenye mlango wa chumba cha mitambo, migongo mlimani. Papa Hirwa na kompyuta mkononi kama mtoto wa ubatizo.

"Hii ni kushoto," Murhula akasema, akigusa pampu.

"Hii ni kushoto," Papa Hirwa akasema, akigusa skrini.

Wakapeana mikono kama marais. Nikacheka, nikamwaga vitumbua.

Chini ya picha, pale palipokuwa na ziwa, amechora mlango mdogo. Ameandika: UNASIMAMA HAPA. Nimemwambia maneno yanatosha, asiongeze.

Jioni kalivuta begi jeusi kutoka chini ya kitanda. Kalifungua. Akatoa mashati manne, akayaweka kitini. Nikauliza anatafuta nini. Bisibisi ndogo, kasema. Bisibisi akaipata. Mashati hakuyarudisha, wala hakuyatundika kabatini. Yamebaki kitini.

Jumatatu, 16 Septemba

Ametoka mapema, kompyuta kwapani. Mvua. Mlangoni akarudi, nikadhani amesahau kitu. Alikuja kugusa kikombe changu. "Bado kidogo," akasema, akaenda.

Kigali wamepiga, kwenye simu yangu, kwa sababu yake ameizima. Christophe-Aimé ni mtu wa adabu. Salamu, habari za Hirwa, kisha: Papa Hirwa ameamua nini? Nikamjibu kwa lugha ya kazi yangu. Nina habari moja tu iliyothibitishwa: yuko kazini. Apige tena kabla ya saa sita kama alivyosema.

Mashati yalikuwa bado kitini. Nimeyaangalia muda. Mawili yana jasho la Juni, mawili ni masafi kabisa.

Nimeyaloweka yote manne. Kwa mvua hii hayatakauka kabla ya Jumatano, na mtu hasafiri na mashati mabichi.

Papa Hirwa kanitumia ujumbe kwa simu ya mlinzi: daktari amefika kliniki. Murhula anaangalia skrini. Saa tatu atashuka kufunga pampu.