Sonata ya Mtawa

Jumatatu, 12 Januari
Kama kawaida: chai, vidole kwenye maji ya uvuguvugu, kisha fidla. Redieta za kupasha joto za nyumba hii ya Parkdale zinakausha kila kitu, mpaka vigingi vya kukazia nyuzi. Nimerudia sonata ya mtawa, kipande cha fidla cha mtunzi mmoja aliyesahaulika. Niliikuta maktaba, imeandikwa kwa mkono, ukurasa wa kwanza haupo. Imelala boksini karibu miaka mia tatu, na Jumamosi naipiga kanisani mbele ya watu. Ila inasikika vibaya. Vibaya mno. Mama kachungulia, akauliza nimembana paka gani.

Jumanne, 13 Januari
Mazoezi na kundi letu la muziki. Aibu tupu. Noti zinagongana kama sufuria. Nadhani mnakili, yule aliyeziandika kwa mkono, alikosea. Nimejaza karatasi nzima alama za penseli za kusahihisha, na bado. Margareta, kiongozi wetu, mpole siku zote, leo hata hakunitazama. Kasema ikiwa hivi mpaka Alhamisi, tutapiga ile sonata yetu ya kila mwaka. Nimekasirika kwa sababu amesema kweli. Mimi ndiye niliyewaapia kwamba huyu mtawa alikuwa fundi.

Jumatano, 14 Januari
Labda hakuwa fundi. Labda alistahili kusahauliwa.
Imeniuma kuandika hivyo. Miaka kumi na moja nafukua muziki wa waliosahaulika, na huyu nimempenda kuliko wote. Nikimwacha mimi, anarudi boksini. Nani mwingine atamtoa?

Alhamisi, 15 Januari
Jamani!
Asubuhi nimekuta kigingi cha uzi mwembamba kimeteleza kwa ukavu, uzi umeshuka sauti moja nzima. Nilikuwa na hasira, sikuukaza. Nikapiga ule mstari mbaya kuliko yote. Ukatoka mtamu.
Nikakaa kitini. Baadhi ya watunzi wa enzi zile walilegeza nyuzi makusudi, noti wakaziandika kwa nyuzi hizo zilizolegea, na maelekezo waliyaandika mwanzoni kabisa, kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa ambao sina! Mjinga mimi. Jambo hili nawafundisha wanafunzi kila mwaka. Mtawa hakukosea hata noti moja, wala mnakili. Nimetumia saa nzima na kifutio, nafuta usahihishaji wangu na kumwomba radhi marehemu kwa sauti. Mama kadhani naongea kwenye simu.
Mchana nimewapigia wenzangu sonata, uzi ukiwa umelegezwa. Margareta kasikiliza mpaka mwisho, kisha: "Anza tena, tuingie wote."
Nimelia kwenye tramu ya kurudi nyumbani. Acha abiria wanitazame.

Jumapili, 18 Januari
Jana tulipiga. Kanisa lilijaa nusu, watu na makoti yao mapajani. Nimelala kama mtoto.
Leo theluji. Mama anaosha vikombe, anaimba mdomo umefumbwa. Ni ile sehemu ya polepole, ya mtawa, kaishika yote sawasawa. Nimesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia, kimya, asije akaacha.